Thoya na Kina Kadii Karisa

Siku ya kwanza Mwanabibi Faki kushughulika na Thoya Masha, Thoya hakuinua macho. Hilo ndilo lililomuudhi. Mtu akikukatia mkate wako, angalau akutazame.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, mjini Malindi, kwenye dirisha la hesabu la yadi ya Mzee Stambuli, yadi iliyouza vifaa vyote vya ujenzi, tangu chokaa na boriti hadi makuti ya kuezekea hoteli. Kwa miaka mingi makuti hayo yalipitia mkononi mwa Mwanabibi. Yeye ndiye aliyekwenda Marafa na Adu kwa lori la kukodi, akayakusanya kwa wanawake wa Kigiriama waliokuwa wakiyashona majumbani mwao, akayashusha Malindi na kula faida ya katikati. Asubuhi hiyo alikuja na lori limejaa hadi juu, mlinda lango akamwambia asubiri nje.

"Jina lako limetolewa, Bi," Thoya alisema, kalamu yake haikusimama. "Kuanzia mwezi huu yadi inanunua kwa kina mama wenyewe. Kila mmoja ana kadi yake hapa."

"Limetolewa na nani?"

"Mimi kalamu tu. Mkono ni wa mwenye yadi."

"Mwenye yadi hajui Adu iko upande gani wa jua. Nani aliyempeleka?"

Thoya akafungua ukurasa mpya, na Mwanabibi akapata jibu lake. Mamake Thoya alikuwa mtu wa Marafa, babake wa Adu. Nani mwingine mle yadini angeweza kuwaita wale wanawake kwa lugha yao, kila mmoja mlangoni kwake, wakaitika?

"Haya, kalamu," Mwanabibi akasema. "Andika na hili basi. Mwanabibi Faki kasimama hapa juani, hakuambiwa hata karibu."

Akaondoka na lori lake. Makuti yale aliyauza kwa bei ya kuni kwa watu wa mtaa wa Kisumu Ndogo, na kwa kuwa alikuwa kesha fika huko, akakodi kiwanja hukohuko, akafungua kiyadi chake cha fito na boriti. Huyu alikuwa mwanamke wa Mambrui, aliyeachwa na waume wawili, na wote wawili baadaye wakaja kumwomba kazi. Aliwapa. Mmoja wa kupakia, mwengine wa kupakua, ili wasikutane wakamsengenya. Wazee wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, na makovu ya Mwanabibi yalikuwa mawili: la Stambuli, na la yule kijana wa shati jeupe aliyejiita kalamu.

Tena kijana mwenyewe alikuwa hodari, hilo Mwanabibi hakulikana. Thoya alijifunza uhasibu Mombasa kwa masomo ya jioni, mchana akifanya ukarani bandarini. Wakaguzi waliokuja kila mwaka kukagua vitabu vya Stambuli walimaliza kazi mapema wakaenda kuogelea. Stambuli alimwahidi chumba cha meneja, kile chenye dirisha la kutazama bahari. "Subiri kidogo, mwanangu," alikuwa akimwambia kila Idi, na Thoya akasubiri Idi hata Idi, yeye mwenyewe akiwa Mkristo.

Mwaka wa themanini na tano chumba kikapata mwenyewe. Mzee Stambuli alioza binti yake kwa kijana wa Mombasa aitwaye Badi, aliyesomea biashara Uingereza, na Badi akaja Malindi na mke, masanduku na kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya kwanza katika mtaa ule. Iliwekwa katika chumba cha meneja pamoja na kiyoyozi, ikasomewa dua, ikafukizwa ubani hata Badi akakohoa na kuomba jamani moshi usiingie mle pa kutia diski. Thoya aliambiwa asome majina ya wauza makuti kwenye kadi, Badi ayapige kwenye mashine. Kazi ilipokwisha, Badi akachapa orodha yote kwa mpangilio wa herufi, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Orodha ilikuwa na Kadii Karisa kumi na tisa, wote wamefuatana.

Badi hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mkwewe na karatasi mkononi. "Mzee, unaibiwa. Mtu mmoja kaandikwa mara kumi na tisa. Huyu mhasibu wako anajilipa kwa majina ya hewa." Stambuli, aliyezaliwa Malindi, akazeekea Malindi, akanunua makuti ya Wagiriama maisha yake yote, naye hakuuliza. Hakupata kumjua hata mmoja wao kwa jina. Wote kwake walikuwa "mama makuti".

Thoya alitolewa siku hiyohiyo. Langoni alipekuliwa mifuko, akavuliwa viatu na soksi, mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja kupokewa. Habari ilifika Kisumu Ndogo kabla Thoya hajamaliza kufunga kamba za viatu. Mwanabibi aliagiza halua, akala, akanywa na kahawa juu yake. Bado mmoja, akajisemea.

Siku chache baadaye Thoya akatokea kiyadini kwake. Mwanabibi alimwacha asimame juani mpaka alipomaliza kupanga fito zake kwa urefu.

"Shikamoo, Bi Mwanabibi."

"Marahaba, kalamu. Wino umekwisha?"

"Nimekuja kwa shauri."

"Hapa hatuuzi shauri, tunauza fito." Lakini alimsogezea gogo la boriti kwa mguu. "Keti. Hao kina Kadii, ni kweli au ni wako?"

"Wewe unajua ni kweli."

Alijua. Mtu aliyekusanya makuti Marafa na Adu hawezi kutojua. Kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la nyanya yake, mamake baba. Nyanya Kadii akizaa wana watano, kila mwana humwita binti yake Kadii, na kwa kuwa mwana wa kwanza naye huchukua jina la babu yake, kila mji una kina Karisa wake, na kila Karisa ana binti Kadii. Enzi zake Mwanabibi hakuita mtu kwa jina peke yake. Alisema Kadii wa kisimani, Kadii mke wa fundi Charo, Kadii mwenye jino la mbele. Thoya naye alitia alama yake ya penseli pembeni mwa kila kadi. Badi aliposomewa majina hakutaka habari za pembeni. Majina mawili yanatosha, alisema, mashine haina nafasi ya umbea.

"Sasa atafanya nini?" Mwanabibi aliuliza.

"Kesha fanya. Kawafanya wote kuwa mtu mmoja. Si kina Kadii tu, na kina Mbeyu Charo, na wengine. Orodha imekuwa fupi, anafurahi."

"Na hukumwambia."

"Aliniita mwizi kabla hajaniuliza. Nikimwambia sasa atanifanyia nini, atanirudishia soksi?"

Mwanabibi akacheka, ingawa hakutaka. Alimtazama upya. Alikuwa amejiandaa kumfukuza kwa ufagio, lakini aliona mbele yake kisu chenye makali, na kisu hakitupwi kwa sababu jana kilikukata wewe.

"Siku mashine ikianza kulipa, wale wanawake watamtupa Stambuli," alisema polepole. "Watahitaji lori la mtu mwingine."

"Nilijua utaliona hilo."

"Wewe wataka nini?"

"Nataka Stambuli anifuate kwa miguu yake aniombe. Na siwezi kuombwa kwa uhasibu, mhasibu sasa ni takataka, kila mtu anataka mashine. Basi nitajifunza mashine. Nataka pa kulala Mombasa na chakula mpaka nijue."

Mapatano yalichukua asubuhi nzima. Mwanabibi angemweka Mombasa kwa shangazi yake. Thoya angeifunga midomo yake kuhusu kina Kadii, na siku Stambuli atakapokuja kuomba, Thoya hatamtengenezea mashine ile mpaka Mwanabibi aseme ndiyo. Kipengele hicho Thoya alikivuta na kukisukuma, akitaka muda uwekewe mpaka, Mwanabibi hakulegeza. Mwishowe wakapeana mikono. Mkono wa Thoya ulikuwa laini kama wa bibi harusi, na Mwanabibi akaona si vibaya ukipata sugu.

Ulipata. Mombasa, Thoya alijikabidhi kwa mtu wa bara aitwaye Gerishom, aliyekuwa akiuza kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Gerishom aliijua mashine kama mkunga ajuavyo tumbo, lakini biashara za watu hakuzijua hata kidogo. Wateja wake walinunua kompyuta, wakaifunika kitambaa cha kufumwa, wakaendelea kuandika vitabuni. Thoya alifagia, alibeba, alisoma vitabu vizito vya Kiingereza akiwa amejifungia stoo, na baada ya miezi akagundua pale pengo la soko lilipo. Alianza kwenda na Gerishom kwa wateja. Gerishom akiunganisha nyaya, Thoya huketi na karani wa zamani wa mahali pale akamwuliza: mzigo ukifika usiku nani anaupokea? Mteja akirudisha bidhaa unaandika wapi? Mkubwa akichukua kitu dukani kwake bila kulipa, unafanyaje? Kisha hurudi stoo akaifundisha mashine kufanya mambo jinsi watu wa pale wanavyoyafanya.

Alipokuja Malindi siku moja akamweleza Mwanabibi kazi yenyewe, mama yule alitafakari.

"Huuzi mashine."

"Siuzi."

"Huandiki hesabu."

"Siandiki tena."

"Yaani wauza maswali! Na watu wanalipa?"

"Wanalipa kuliko walivyolipa majibu."

"Kweli wazungu wameleta mambo," Mwanabibi akasema, na moyoni akajuta kwamba hakuomba sehemu ya biashara hiyo tangu mwanzo.

Bahari ikamlinda Badi kwa muda. Kiyoyozi chake kiliharibika, akafungua dirisha lile la kutazama maji, na hewa ya chumvi ikaila mashine ndani kwa ndani mpaka ikafa kabla haijalipa mtu hata mmoja. Makarani wakaendelea na kadi mwaka mwingine mzima na zaidi. Lakini Badi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alileta mashine ya pili, akaiweka chumba cha ndani, akaingiza orodha yake fupi safi, kisha, kuonyesha kwamba hakuna kurudi nyuma, akatia kadi zote kwenye magunia zikatumike kuwashia tanuri la chokaa.

Mwanzoni mwa themanini na saba mashine ikalipa kwa mara ya kwanza.

Kadii Karisa mmoja, wa Marafa, aliitwa dirishani akakabidhiwa malipo ya makuti ambayo hata miungu isingeweza kuyashona kwa msimu mmoja. Alikuwa mjane, aliona haya kuuliza, akadhani labda bei imepanda. Kina Kadii wengine walipofika waliambiwa, "Wewe umekwisha lipwa. Mashine haidanganyi." Walirudi kwao wakiulizana. Siku ya pili walijua nani aliyebeba jasho lao, na siku ya tatu walikuwa wamepata maelezo, kwa sababu watu wasipoelezwa jambo hujieleza wenyewe: Kadii yule ni mchawi, kawafunga majina. Alirudisha kila senti. Haikusaidia, nani hurudisha ila mwenye hatia? Nyumba yake ilichomwa moto, akatoka na nguo aliyovaa.

Huyu Kadii alikuwa mdogo wake mamake Thoya.

Mwanabibi alizipata habari hizi akiwa barabarani, kwani lori lake lilikuwa tayari linaelekea Marafa. Hakupoteza muda kusikitika. Alisimama katika kila mji wa makuti kutoka Marafa hadi Adu, akatazama mzigo, akalipa palepale mkononi. Wanawake wakapakia huku wakimtukana Stambuli. Njiani kurudi alimkuta Kadii amekaa kando ya barabara chini ya paa la duka lililofungwa, akampakia naye. Akamweka Kisumu Ndogo, ndani ya stoo ya kiyadi, awe akichagua makuti mazuri na mabaya. Jicho zuri la makuti ni adimu. Watu walisema Bi Mwanabibi ana huruma, naye hakuwasahihisha.

Thoya alirudi Malindi wakati huo, sasa akijiita mshauri, akiwa na wateja wake: duka la vipuri, kiwanda cha mikate, hoteli mbili za Waitaliano. Meza yake aliiweka kiyadini kwa Mwanabibi, ukutani, mbali na upepo wa bahari. Alipomwona mama yake mdogo akitoka stoo na kifurushi cha makuti kichwani, aliinuka mezani.

"Nakwenda kwa Badi sasa hivi," alimwambia Mwanabibi kwa sauti ya chini. "Nikimwonyesha kosa mbele ya watu, Marafa itajua. Huyu ni mamangu."

"Nenda. Lakini huo mkono wako ulioshika wangu, uuache hapa mezani."

"Bi, wamemchomea nyumba."

"Sikuwasha mimi. Sasa ni mwezi wa nne. Mwezi wa tano hoteli zinafunga kwa mvua, zinaezekwa upya kabla ya wageni kurudi. Stambuli akipata makuti sasa, mapaa yote ni yake tena. Mwache alale njaa msimu mmoja. Au unataka umwokoe kabla hajapiga magoti? Wewe ndiye uliyevuliwa soksi, si mimi."

Neno la soksi lilifanya kazi yake. Thoya aliketi.

Stambuli alikuja mwezi wa tano, mvua ikinyesha. Alikuja kwa sababu stoo yake ya makuti ilikuwa tupu na mameneja wa hoteli walianza kumpigia simu kwa ukali, na kwa sababu Badi, baada ya kuhangaika na mashine, alimpigia muuzaji wake wa Mombasa, ambaye ni Gerishom huyohuyo, na Gerishom akamjibu, "Mashine ni nzima, bwana. Mnayemtaka yuko hapo mjini kwenu." Mzee aliacha gari barabarani kwa sababu ya matope, akaja kwa miguu, Badi nyuma yake na mwavuli.

"Salaam alaykum."

"Wa alaykum salaam. Karibu, Mzee Stambuli," Mwanabibi alisema. "Karibu tena. Sisi huku kila mtu huambiwa karibu."

Mzee alikuwa na akili, alikula tusi akalimeza. Akageukia mezani. "Thoya, mwanangu."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Tulikukosea. Huyu mkwe wangu alikuwa mgeni, hakujua. Nami nilipaswa kujua. Niambie utakalo."

Thoya alilifanyia mazoezi jibu lile kwa miaka miwili, na lilimtoka bila kukwama. Kwanza, Mzee atasimama langoni mwa yadi, palepale alipopekuliwa, awaambie kina mama kwamba Thoya Masha si mwizi. Pili, atalipwa ada ya mshauri, si mshahara. Tatu, Badi ataketi nje dirishani, awaulize wanawake mmoja mmoja wao ni nani, mpaka awajue wote.

"Nje?" Badi akasema. "Juani?"

"Kuna mwavuli," Mwanabibi akamjibu.

"Yote nimekubali," Stambuli akasema. "Anza kesho."

Thoya akamtazama Mwanabibi. Mwanabibi alikuwa akizifunga fito kamba, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Nitaanza mwezi wa nane," Thoya akasema.

"Mwezi wa nane hoteli zote zimekwisha ezekwa!"

"Najua, Mzee."

Stambuli akageuka. Akamwona Kadii mlangoni pa stoo, amejifunika kanga begani, anatazama mvua. Alikuwa mfanyabiashara mkongwe, alijua kutafuta udhaifu wa bei. "Na yule mama wa Marafa niliyesikia habari zake," akasema polepole, "si ni mtu wenu? Mimi langoni sisimami kabla mashine haijatengenezwa, na kila siku ninayochelewa ni siku yeye anaitwa mchawi. Au nimekosea?"

Mvua iligonga mabati. Mwanabibi aliacha kufunga kamba. Hapa, alijua, mapatano yao yalikuwa yamening'inia. Thoya alimtazama mama yake mdogo. Kisha akamtazama Badi, na viatu vya Badi vilivyojaa matope, na mwavuli wake.

"Mwezi wa nane," akasema.

Msimu ule Mwanabibi Faki aliezeka pwani. Hoteli zilizokuwa za Stambuli tangu zijengwe zilivaa makuti yake, na kila akipita akayaona mapaa yale mapya alihisi kama amekula pilau.

Mwezi wa nane Stambuli alitimiza ahadi. Alisimama langoni mbele ya wanawake kutoka Adu na Marafa, waliokuja kwa sababu Thoya aliwatumia ujumbe, akasema kosa lilikuwa la yadi, Thoya hana doa, na yule mama wa Marafa hakuroga mtu. Wanawake walipiga vigelegele. Badi akaketi nje na meza ndogo, kalamu mkononi, jasho likimtiririka, Thoya akisimama nyuma yake na mikono mgongoni. "Kadii yupi? Mji wa nani? Mamako aitwa nani?" Kila mwanamke akapewa namba yake, na jina la mamake na mji wao vikaandikwa pamoja nayo. Wanawake walimtania Badi wakamwita karani, wengine wakamdai awaimbie namba zao. Thoya alikuwa na uso wa bwana harusi.

Mwanabibi aliyatazama hayo kutoka ng'ambo ya barabara, akihesabu makovu yake mawili. Stambuli alikuwa kesha mlipa. Lakini huyu? Huyu aliyemwondolea lori lake bila kuinua macho, leo anapigiwa vigelegele, na aliyempandisha pale ni yeye Mwanabibi, kwa chakula chake na shangazi yake. Jioni alikwenda stoo, akakaa na Kadii wakichagua makuti.

"Umemwona mwanao leo?"

"Nimemwona. Mungu ambariki. Kesho nami nakwenda kuandikwa."

"Alijua, unajua. Tangu siku Badi anachapa orodha. Alijua mtafanywa mtu mmoja, akanyamaza. Na Mzee Stambuli alipokuja na mvua, angeweza kukusafisha kesho yake. Akamwambia mwezi wa nane."

Kadii aliweka chini kuti alilokuwa nalo. Hakulia. "Mvua ile nilikuwa mlangoni," akasema. "Sikusikia kwa sababu ya mabati." Akaliokota tena lile kuti. Kisha akauliza, "Nawe, Bi? Ulijua lini?"

Mwanabibi Faki, aliyewahi kununua shamba kwa mtu aliyekuja kumwuzia kuku, akaanza kuyapanga upya makuti yaliyokuwa yamekwisha pangwa. Alikuwa ameihesabu hasara ya Thoya tu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kesho yake Kadii alipanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yake Badi akamwuliza, bila kuinua kichwa, mamake aitwa nani.

"Mwulize huyo nyuma yako. Mamangu ndiye aliyemlea."

"Mama," Thoya akasema.

"Alilijua jina hilo nyumba yangu ilipokuwa ikiungua," Kadii akasema, na akarudia kwa Kigiriama, kwa sauti, ili mstari wote usikie. Akawaeleza kisa chote, tangu orodha hadi mvua, na alipofika kwa Mwanabibi akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, alikosimama tena. Hakutukana. Wanawake walimtazama Thoya, wakamtazama mwanamke wa Mambrui. Mmoja akainama akabeba mzigo wake. Kisha wa pili. Mpaka adhuhuri mbele ya Badi palikuwa na vumbi tu, na Badi akauliza kama sasa anaweza kuingia ndani.

Stambuli alibaki na mashine inayofanya kazi sawasawa na stoo isiyo na kuti hata moja. Akageukia mabati na saruji, na hakufa njaa. Kina Kadii, wakiongozwa na yule wa Marafa, walikodi lori wenyewe wakawa wanauza hotelini bila yadi ya mtu. Kiongozi huyo watu wa Marafa walimwomba radhi kwa mbuzi, wakamjengea nyumba. Alikula mbuzi, na nyumba akaipangisha, akabaki mjini penye biashara. Mwanabibi alikuwa na msimu mmoja wa mapaa, na baada ya hapo fito na boriti, kama zamani. Thoya alipata alichokitaka na zaidi: jina lake likafika Kilifi na Mombasa, akanunua gari, Gerishom akawa anamwita bwana. Mwaka wa themanini na tisa babake alipofariki alikwenda Adu kwa matanga na gari hilo. Walimpa kiti, wakamketisha pembeni pamoja na wageni wa mjini.

Mwaka huohuo Mwanabibi naye alihitaji kompyuta. Hesabu za kichwani zilikuwa zimeanza kumpotea. Alimwita Thoya, Thoya akaja, akauliza maswali yake, akataja ada.

"Hiyo ndiyo bei unayowatoza Waitaliano," Mwanabibi akasema.

"Ndiyo hiyohiyo."

"Na shangazi yangu aliyekulisha?"

"Shangazi yako nilimshukuru. Wewe nilikulipa kwa msimu mmoja, ukaumwaga mwenyewe kwa mdomo wako."

Mwanabibi akaomba robo ipunguzwe. Wakavutana mpaka adhuhuri, Thoya akatoa thumuni, nusu ya robo hiyo, akaketi kwenye gogo la boriti akafungua mkoba wake na kuanza kazi. Chai ilikuwa jikoni, tayari. Hakuna aliyeitaja, wala kusema karibu.